Mfalme mmoja, karatasi mbili: hukumu ya Stockholm 1520 na Agano Jipya la Kidenmaki 1524

Kuna mfalme wa Denmaki anaitwa Christian wa Pili. Ukienda Stockholm leo ukamtaja watakwambia huyo ni Kristian Tyrann, yaani Christian dhalimu, muuaji, basi. Halafu ukifungua historia ya vitabu vya dini vya Kidenmaki unakuta huyohuyo ndo aliyesimamia Agano Jipya la kwanza kuchapwa kwa lugha ya watu wake, mwaka 1524. Kati ya mauaji na kitabu imepita miaka minne tu. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni wafalme wawili, maana hawa jamaa wamekuwa na kina Christian mpaka wa Kumi, nikajua nimechanganya namba. Kumbe ni mtu mmoja kabisa.

Naomba tuifungue hii stori taratibu, kwa sababu kesi ya baada ya vita na vitabu vya dini watu huwa wanavisoma kila kimoja kivyake, wakati hapa vimefungwa kamba moja na ukikata pande moja na nyingine huielewi.

Tuanze na vita. Toka 1397 Denmaki, Norwei na Uswidi zilikuwa chini ya taji moja, Muungano wa Kalmar (Mtanzania ukimwambia neno muungano na neno kero humalizi hata sentensi, ameshaelewa). Kule Uswidi wakubwa walikuwa wamegawanyika, wapo waliomtaka mfalme wa Denmaki na wapo waliotaka kujitawala chini ya mtu wao, na mtu wao enzi hizo alikuwa Sten Sture Mdogo, ambaye toka 1512 alikuwa anaongoza nchi bila kuitwa mfalme. Adui yake mkubwa ndani ya nyumba alikuwa Gustav Trolle, askofu mkuu wa Uppsala. Sture akaizingira ngome ya askofu pale Almarestäket, na Novemba 1517 wakubwa wakakaa kikao Stockholm wakaamua Trolle avuliwe cheo na ngome ibomolewe. Sasa kumvua askofu mkuu si mchezo, hiyo kazi ni ya Papa, kwa hiyo wakafanya kitu ambacho hata leo kwenye vikao vyetu kinafanyika: wakaandika barua ya pamoja, kila mkubwa akagonga muhuri wake, ili lawama ikija isimpate mmoja.

Hiyo barua ishike, tutairudia.

Inasimuliwa kwamba askofu mmoja aliyekuwepo, Hans Brask wa Linköping, aligonga muhuri kama wenzake lakini chini ya nta akaficha kikaratasi kimeandikwa kwamba nimelazimishwa. Wasomi wengine wanaona hii ni hadithi ya baadaye, lakini lugha ya Kiswidi imeichukua, mpaka leo wana neno brasklapp, kikaratasi cha Brask, kwa mtu anayekubali jambo huku akijiachia mlango wa nyuma wa kutorokea.

Januari 1520 Christian akatuma jeshi la kukodi, wakapigana juu ya barafu ya ziwa Åsunden, Sture akajeruhiwa na mwanzoni mwa Februari akafa. Ungedhani vita imeisha. Mjane wake, Christina Gyllenstierna, akaushikilia mji wa Stockholm miezi mingine hadi Septemba, na alipofungua malango alifungua kwa masharti, kwa maandishi: msamaha kwa yote yaliyopita. Mfalme akakubali, akaingia, tarehe 4 Novemba akatawazwa, na aliyemvika taji ni nani? Trolle, yuleyule askofu mkuu. Wakala wakanywa siku tatu.

Tarehe 7 milango ya ukumbi wa ngome ikafungwa watu wakiwa ndani.

Hapa ndo pagumu, na ndo panapofanya hii kesi iwe ya kusomwa mpaka leo. Mfalme ameshaapa kusamehe. Akiwaua kwa uasi anakuwa amevunja kiapo chake mwenyewe mbele ya watu. Sasa anasimama Trolle, anatoa mashtaka, anadai fidia ya ngome yake na mateso yake, na anatumia neno moja zito: hawa watu ni wazushi. Uzushi, yaani kwenda kinyume na imani ya Kanisa, ni kosa dhidi ya Mungu na Kanisa, na mfalme hana mamlaka ya kusamehe deni lisilo lake, kwa hiyo ule msamaha wote wa Septemba ukawa hauna kazi bila mtu yeyote kuuchana. Mla ni mla leo. Mimi sijasomea sheria ila nikiri tu kwamba kwa ubaya wake ni kazi safi sana.

Christina akajitetea. Akaenda kuleta ile barua ya 1517 yenye mihuri, akisema mume wangu hakufanya peke yake, nchi nzima iliamua, oneni. Alitaka kuonyesha kwamba ulikuwa uamuzi halali wa baraza. Kilichotokea ni kwamba amewakabidhi orodha ya majina mkononi. Waliogonga muhuri wakaanza kuulizwa mmoja mmoja, na Brask, kwa mujibu wa ile simulizi, akaomba muhuri wake ubanduliwe. Kweli au si kweli, yeye alipona.

Kesho yake asubuhi, tarehe 8, jopo la viongozi wa dini likakaa kujibu swali moja tu: je, walichofanya hawa ni uzushi? Kwenye hilo jopo alikuwemo Trolle, mlalamikaji mwenyewe, na Jens Andersen Beldenak, askofu wa Odense. Jibu likawa ndiyo, uzushi wa wazi. Ila hiyo hukumu ya dini haikusema wauawe, ilisema tu hawa ni wazushi, kilichobaki wakaachiwa watu wa mfalme, na mchana wa siku hiyohiyo vichwa vikaanza kuanguka pale uwanjani Stortorget. Maaskofu wawili, Mattias wa Strängnäs na Vincent wa Skara, ndo walitangulia, wakafuata mabwana na wafanyabiashara wa mji, wengine wala jina lao halikuwa kwenye barua yoyote. Mchinjaji mwenyewe alihesabu 82, vitabu vingi huwa vinaandika kama mia hivi. Maiti zikapelekwa Södermalm zikachomwa, na Sten Sture akafukuliwa kaburini akachomwa nao. Watu huwa wanaona kule kuchoma ni ukatili wa ziada tu, lakini fikiria, mzushi adhabu yake ni moto, bila moto ile hukumu ingeonekana ya uongo. Walikuwa wanakamilisha karatasi.

Wanahistoria wa Skandinavia wamegombana miaka na miaka juu ya nani alikuwa dereva hapo, mfalme au askofu mkuu. Mwaka 1928 Mswidi mmoja, Lauritz Weibull, alikuja kuwachafulia watu hewa kwa kusema someni hukumu kama hukumu, utaratibu wa kanisa ulifuatwa, acheni kusoma kwa macho ya washindi waliokuja baadaye. Mimi nadhani swali la nani dereva linaficha lingine la maana zaidi, ambalo ni nani aliwahi kujibu kwa yale mauaji.

Maana kulikuwa na kesi ya pili, ambayo karibu hakuna anayeikumbuka. Maaskofu wawili wamekatwa vichwa, Roma haiwezi kunyamaza, na mwaka 1521 Papa akamtuma mjumbe kuchunguza. Mfalme alihitaji mtu wa kumbebesha. Akapatikana Didrik Slagheck, mshauri wake, ambaye baada ya mauaji alizawadiwa kiti cha uaskofu cha Skara, kilekile cha Vincent aliyekatwa kichwa (na Beldenak akapewa Strängnäs, hawakuona aibu hata kidogo), halafu akapandishwa kuwa askofu mkuu wa Lund. Januari 1522 Slagheck akachomwa moto hadharani Copenhagen. Sitasema hakuwa na hatia, mikono yake haikuwa safi, lakini ni dhahiri alichomwa ili mwingine asiulizwe. Hiyo ndo adhabu pekee kubwa iliyotoka mahakamani kwa umwagaji damu wa Stockholm, na nenda kamuulize mtu wa mtaani Uswidi kuhusu Slagheck uone kama analijua jina.

Kwa nini ya kwanza ikumbukwe hivi na ya pili ifutike? Jibu fupi ni matbaa, yaani mitambo ya kuchapa. Kati ya waliouawa alikuwemo baba yake kijana mmoja anaitwa Gustav Vasa, ambaye alikuwa amechukuliwa mateka Denmaki akatoroka 1519. Kijana akaenda kuwaamsha wakulima wa Dalarna, akapigana, na tarehe 6 Juni 1523 akachaguliwa mfalme wa Uswidi, siku ambayo mpaka leo ni sikukuu ya taifa. Mtu anayeanzisha ukoo wa kifalme kutoka sifuri anahitaji stori, na yeye alikuwa nayo tayari, tena ya kweli, akaiandikia barua, akaichapisha, akaagiza ichorwe. Picha yake, kama katuni ndefu inayoonyesha karamu, kukamatwa, vichwa na moto, ilitengenezwa Antwerp mwaka 1524, na sisi tunaijua kwa nakala iliyochongwa upya 1676. Yaani zaidi ya miaka 150 baadaye bado kuna mtu aliona inalipa kuichapa tena. Na ile hukumu iliyoandikwa ili ihalalishe mauaji ikageuka kuwa ushahidi wa kwanza wa mauaji yenyewe.

Sasa turudi kwa Christian, maana na yeye alikuwa anajua habari za matbaa.

Mwanzoni mwa 1523 mabwana wa Jutland, sehemu ya bara ya Denmaki, wakiwa Viborg, wakamkana. Aprili akapanda meli na familia akaondoka Copenhagen kwenda Uholanzi, kwa ndugu za mkewe Isabella, dada yake Kaisari Karl wa Tano. Kutoka huko akaenda Wittenberg, akakaa kwa mchoraji Lucas Cranach, akamsikiliza Martin Luther akihubiri. Nisimame kidogo hapa. Luther alikuwa ametengwa na Papa Januari 1521 kwa kosa gani? Uzushi. Mtu aliyewachinja watu kwa neno uzushi Novemba 1520 sasa amekaa kwenye benchi anakunywa maneno ya mzushi namba moja wa Ulaya, na inaonekana alikuwa anayapenda kwelikweli.

Hapo ndo likazaliwa lile Agano Jipya la 1524. Ili ujue lilikuwa jambo gani, inabidi ujue Wadenmaki walikuwa wanasoma nini kabla. Ibada ilikuwa ya Kilatini. Kwa Kidenmaki kulikuwa na vipande vipande: kilio cha Bikira Maria kilichoandikwa kwa herufi za runi, zile za kale za watu wa kaskazini, kwenye ngozi miaka ya 1300 mwanzoni, mashairi ya rozari ya padri Michael wa Odense, vitabu vya sala za saa, na kazi za mtu mmoja muhimu sana, Christiern Pedersen, mkanoni (padri wa baraza la kanisa kuu) wa Lund aliyekuwa anasoma Paris. Pedersen alichapa Paris mwaka 1515 kitabu kikubwa cha mahubiri kwa Kidenmaki, masomo ya Jumapili, maelezo yake, na kila somo likasindikizwa na kisa cha muujiza, mtakatifu kafanya hivi, shetani kakimbia vile. Watu walizipenda hizo habari. Ila Biblia yenyewe, kitabu kizima cha kusoma nyumbani, haikuwepo.

Agano la 1524 lilifanywa na watu wachache waliokuwa uhamishoni na mfalme, mkuu wao Hans Mikkelsen aliyekuwa meya wa Malmø, wakitegemea tafsiri ya Kilatini ya msomi Erasmus na ile ya Kijerumani ya Luther. Lugha yake ilikuwa ya haraka haraka, na Poul Helgesen, mtawa Mkarmeli msomi wa Copenhagen, aliiponda bila huruma. Ila ubora wa lugha tuuache. Ndani ya kitabu hicho, kabla ya nyaraka za mitume, Mikkelsen aliweka barua yake kwa Wadenmaki. Ukidhani ni utangulizi wa kiroho unakosea nusu: anawahimiza wasome neno la Mungu, na hapohapo anawalaumu kwa kumwasi mfalme wao halali. Kitabu kiingizwe Denmaki, kifunguliwe kwa ajili ya Paulo, na kabla hujamfikia Paulo unakutana na kesi ya Christian. Na sura ya mfalme imo, imechorwa kwa Cranach.

Kwa hiyo mwaka uleule wa 1524 una matbaa mbili zinashtakiana. Antwerp inachapwa picha ya vichwa, kule Saksonia linachapwa Agano Jipya lenye sura ya aliyevikata. Sijawahi kuona mfano bora zaidi wa jinsi kesi inavyohamia nje ya mahakama na kuendelea kusikilizwa huko kwa miaka.

Pedersen naye akamfuata mfalme uhamishoni, akageuka Mlutheri, na 1529 akatoa Antwerp Agano Jipya lake, Kidenmaki kizuri kinachosomeka, na akaandika kwa mkono wake kwamba anajutia ile miujiza aliyoijaza kwenye kitabu cha zamani. Hili limenigusa kuliko mengine yote kwenye stori hii. Mwandishi anasimama anasema nilichowaandikia miaka 14 iliyopita hakikuwa sawa. Kwenye kesi yote ya Stockholm, kuanzia mfalme hadi mchinjaji, sijaona sentensi ya namna hiyo. Kazi yake ndo iliyokuja kuwa msingi wa Biblia nzima ya 1550, nakala 3,000, iliyotolewa Copenhagen chini ya mfalme mwingine, Christian wa Tatu, na Kidenmaki cha maandishi kikapata uti wa mgongo hapo.

Christian wa Pili hakuiona akiwa huru. 1530 akarudi Ukatoliki kwa kuwa alihitaji msaada wa shemeji yake Kaisari, 1531 akaenda Norwei na meli kujaribu kurudisha taji, na 1532 akakubali kwenda Copenhagen kuzungumza na mfalme mpya, Frederik, ambaye ni baba yake mdogo, akiwa na barua ya usalama mkononi. Barua. Meli haikuishia Copenhagen, ikapelekwa Sønderborg, akafungwa, baadaye akahamishiwa Kalundborg, akafa huko Januari 1559. Aliyekwepa karatasi ya msamaha kwa ujanja alinaswa kwa karatasi ya usalama iliyovunjwa bila hata ujanja.

Na hakuwahi kushtakiwa. Karibu miaka 27 kifungoni bila kesi. Nadhani hiki ndo kinaeleza kwa nini Denmaki wanamkumbuka tofauti. Uswidi wana mashtaka, mihuri, tarehe na hesabu ya vichwa. Denmaki hawana jalada lolote la kesi yake, kwa hiyo nafasi ikajazwa na picha ya mzee mpweke anayezunguka meza ya duara chumbani, akipitisha kidole gumba ukingoni mpaka mbao ikafanya mfereji. Ni hadithi tu, lakini Carl Bloch aliichora 1871 na ukishaiona unamuonea huruma hata kama hutaki. Waswidi nao wana hadithi yao, wanaaminishana kwamba Wadenmaki humwita Christian Mwema. Mdenmaki ukimwambia hivyo anakushangaa.

Watu wa sheria wa zama hizi wakitafuta kesi ya kwanza ya uhalifu wa kivita huwa wanaenda Breisach, 1474, ambako gavana Peter von Hagenbach alishtakiwa mbele ya majaji 28 kutoka miji kadhaa na akajitetea kwamba alikuwa anatii amri za bwana wake, kisha akakatwa kichwa. Kwa karne nyingi ilikuwa habari ya vitabu vya historia ya eneo lile, hadi Nuremberg, mahakama iliyowahukumu wakubwa wa Wanazi, ilipohitaji babu ndo ikafukuliwa. Stockholm 1520 hawaitaki kwenye huo ukoo, na ninawaelewa, mlalamikaji hawezi kuwa jaji. Lakini kama shida yako ni kujua kesi inakumbukwaje, Stockholm inafundisha zaidi. Hata sisi hapa, mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha toka miaka ya tisini mpaka 2015, ikamtia hatiani Akayesu Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya aina hiyo duniani kutoka mahakama ya kimataifa, na nimekutana na watu waliokulia Arusha ambao wanachokumbuka ni yale magari meupe ya UN na kodi za nyumba kupanda.

Denmaki yenyewe ilikuja kuwa na kesi zake. Baada ya Wajerumani walioikalia nchi wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kuondoka, Juni 1945 bunge lilipitisha sheria ya kuwaadhibu waliowatumikia, ikirudi nyuma kugusa matendo yaliyofanyika kabla haijaandikwa, na kurudisha adhabu ya kifo iliyokuwa imefutwa kwenye sheria ya jinai ya 1930. Zaidi ya watu 13,000 wakahukumiwa, 46 wakapigwa risasi kati ya 1946 na 1950. Silinganishi na Trolle, hawa walikuwa na majaji na mawakili wa kweli, na waliouawa wengi walikuwa watesaji na wauaji. Ila waliofikiwa mapema walipata vifungo virefu, waliochelewa walipata nafuu, na Werner Best, mwakilishi mkuu wa Hitler nchini, alihukumiwa kifo 1948, ikashushwa kwenye rufaa, na 1951 alikuwa nje. Watu wa kule bado wanabishana. Sehemu moja ya kuulia ilikuwa karibu na Viborg, mji uleule ambako mabwana walimkana Christian.

Stockholm, pale Stortorget namba 20, kuna nyumba nyekundu yenye mawe meupe 92 yamezunguka madirisha, na watalii huambiwa kila jiwe ni kichwa kimoja cha mwaka 1520. Mawe hayo ni mapambo tu, mwenye nyumba aliyatia 1650 alipokuwa anairembesha. Sehemu nyingine ya kuulia ya Denmaki ilikuwa Copenhagen, juu ya boma la zamani la Christianshavn. Pale kimebaki kipande cha sakafu ya saruji na tundu la maji katikati, lile la kusuuzia damu, na watu hupita kando yake na mbwa wao.